Mbuzi Aliyekombolewa Mara Mbili

Hishey alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yake Jumanne moja asubuhi, mbele ya majirani saba, na hakuvunjika hata ukucha. Alikuwa amepanda kufunga kamba mpya ya bendera za sala. Mguu ukateleza, bati likalia, na mzee mzima wa miaka hamsini na tisa, mstaafu wa posta mwenye kitambi cha heshima, akashuka kwa mgongo hadi kwenye lundo la mabua ya mahindi aliyowakatia ng'ombe. Majirani walicheka kwanza. Walipochoka kucheka wakamwambia aende kwa lama.

Lama wa kijiji alizungusha shanga zake, akafumba macho, akanywa chai, akafumba tena. "Wewe umeachiwa uhai wako," akasema. "Na wewe mwachie mwingine wa kwake."

Katika mabonde yale ya Sikkim hakuna mtu ambaye angehitaji kufafanuliwa. Ilimpasa amnunue mnyama aliyekuwa njiani kwenda kuchinjwa, amtie uzi mwekundu sikioni, na kuanzia hapo mnyama yule asiuzwe wala asiguswe na kisu, aishi mpaka siku yake ifike yenyewe.

Hishey alikuwa na kuku akilini. Kuku mmoja, mdogo, ikiwezekana mzee. Lakini sikukuu ya Dasain ilikuwa imekaribia, soko limefurika watu wanaotafuta nyama, na Manbir mchinjaji hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Kuku, Postamasta?" Manbir akauliza, na foleni nzima ikageuka. "Si nasikia ulianguka kutoka paani? Au ulianguka kutoka kwenye kigoda?"

Watu wakaangua kicheko. Hishey hakuwahi kuwa postamasta hata siku moja. Alikuwa mpeleka barua, miaka thelathini na miwili ya kupanda na kushuka milima na mfuko begani. Ila jina lile alilipenda, na hakupenda lichekwe. Akanyoosha kidole kwa mnyama mkubwa kuliko wote pale. Alikuwa beberu mweupe, mwenye ndevu nyeusi, pembe moja imepinda kuelekea jichoni, na uso wa mtu aliyewahi kushika cheo akaonewa.

Kwa siku tisa beberu yule alikula kabichi zote za Yangkit, mke wa Hishey. Alikula ile kamba mpya ya bendera za sala, ambayo ilikuwa imefungwa chini sasa kwa sababu hakuna aliyetaka kupanda tena paani. Alikula kalenda kuanzia Januari hadi Juni. Siku ya tisa alikula shali ya sufu ambayo jirani alikuwa ameianika kwa ajili ya harusi ya bintiye. Yangkit hakupandisha sauti. Alimaliza kuchambua mchele, akauweka ungo chini, akamwambia mumewe, "Baba Dechen, kesho asubuhi mmoja wenu aondoke. Mtajuana wenyewe ni nani."

Basi Hishey akakata shauri kumpeleka mbuzi juu milimani. Kulikuwa na monasteri mbili njiani, Phurling na Gangtse, na mbele yake Ziwa Yumden, ziwa takatifu lenye watawa wa kike pembeni. Haiwezekani, alijiambia, watu wote hao wa dini wakose mahali pa mbuzi mmoja.

Asubuhi alipofungua lango akamkuta shemeji yake Norkila amesimama nje na fimbo na mfuko. Norkila alikuwa dada mkubwa wa Yangkit, mjane wa miaka sitini na miwili, muuza momo, vile vimaandazi vya nyama vya mvuke, pale stendi, na ulimi wake ulikuwa unaogopwa na madereva wote wa magari kutoka pale hadi mjini.

"Naenda kuhiji ziwani," akasema.

"Tangu lini wewe ukahiji, shemeji?"

"Tangu leo. Na isitoshe lazima awepo mtu wa kumchunga mbuzi. Wewe nakujua. Goti likikuuma kidogo tu, utamwuza kwenye kona ya kwanza."

"Njia hizi nimezikanyaga miaka thelathini na miwili," Hishey akasema kwa hasira. "Miguu yangu inazijua kuliko kichwa."

"Miguu ipi? Hii inayolia kama mlango?"

Wakaanza kupanda. Njia ilikuwa ngazi za mawe zilizoota kuvu, kati ya mashamba ya iliki na mianzi inayodondosha maji. Goti la Hishey lilikuwa likilia kweli, na kadiri alivyojikaza lisisikike ndivyo lilivyozidi kusikika. Mbuzi hakuwa na shida ya kutembea. Shida yake ilikuwa kuta za sala, zile kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno matakatifu, ambazo kila mtu mwenye akili anazipita huku ameziweka upande wa kuume. Mbuzi alizipita upande mwingine. Zote. Hishey alimvuta kushoto, mbuzi akamvuta kulia, na mbuzi alikuwa na miguu minne.

"Umeshakwenda kinyume," Norkila alisema kwenye ukuta wa kwanza. "Rudi ukazunguke tena upande wa haki."

"Ni mbuzi aliyekwenda kinyume, si mimi."

"Na kamba iko mkononi mwa nani?"

Kuta zilikuwa sita kabla ya Phurling. Hishey alizizunguka zote mara mbili, na ile ya nne, iliyokuwa ndefu kama reli, aliizunguka mara tatu, kwa sababu mara ya pili mbuzi alilala chini katikati ya njia akakataa kuamka.

Pale Phurling walipokewa na mtawa mtunza stoo aliyeitwa Gyurmey, mtu mnene mwenye mabuti ya mpira chini ya joho lake jekundu. Aliwapa chai ya siagi na chumvi, akamtazama mbuzi kwa upole, akamsifu ndevu. Hishey akaona mambo yameiva. Akaanza kueleza habari ya paa, na lama, na jinsi moyo wake ulivyomsukuma kutoa mnyama mkubwa na si kuku kama watu wengine.

"Njoo nikuonyeshe kitu," Gyurmey akasema.

Nyuma ya jiko palikuwa na mbuzi kumi na mmoja, kondoo wawili, ng'ombe kipofu, na jogoo aliyekaa juu ya ng'ombe.

"Yule pale ni shukrani ya mtu aliyefaulu mtihani wa udereva," Gyurmey akasema. "Yule ni wa mama aliyejifungua mapacha. Kondoo huyu ni wa bwana mmoja aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Jogoo hatujui. Watu wanaokoa uhai, ndugu yangu, halafu uhai unapanda kilima unakuja kula kwetu. Majani ya msimu wa baridi yameshakwisha na baridi haijaanza."

"Mmoja akiongezeka hata hataonekana," Hishey akasema.

Wakati anasema hayo mbuzi alikuwa ameshaonekana. Alikuwa nyuma ya Gyurmey, ametafuna pindo la joho hadi usawa wa goti.

Gyurmey hakukasirika. Alisema joho ni kitu cha kupita tu, kama vitu vyote. Lakini chakula cha jioni aliwaletea kwenye chumba cha wageni mwenyewe, akiwa amevaa joho lingine, na mlango wa jiko aliufunga kwa komeo.

Siku ya pili mvua ya rasharasha iliwatoa ruba wote majanini. Norkila alikuwa na mfuko wa chumvi kiunoni; kila ruba aliyepanda mguuni alipakwa chumvi akadondoka. Walipofika kwenye daraja la mianzi wakakaa kupumzika, wakawa wanatafuna jibini kavu, ile ngumu kama kokoto ambayo kipande kimoja kinakufikisha kijiji cha pili.

"Shemeji," Norkila akasema, akitazama maji. "Mimi sikuja kuhiji."

"Najua. Umekuja kunitesa."

"Nimekuja kumtafuta mwanamke."

Hishey akaacha kutafuna.

Mume wa Norkila, Samdup, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa rafiki mkubwa wa Hishey, na mcheshi, na mtu aliyewadhihaki malama mchana kutwa; akisikia baragumu za monasteri alikuwa akiuliza nani amefinya ng'ombe. Hishey alidhani anajua kila kitu kuhusu Samdup.

"Mwaka wake wa mwisho," Norkila akasema, "kila mwezi mpevu alikuwa anaondoka alfajiri. Namwuliza waenda wapi, anasema shambani kuangalia iliki. Iliki gani ya kuangaliwa siku nne? Anarudi amechoka, anakohoa, lakini uso umechangamka kama bwana harusi. Tena ananuka."

"Ananuka nini?"

"Sijui ninuke vipi nikuonyeshe. Harufu ya mtu anayelala na mwanamke asiyeoga." Akatema ganda la jibini mtoni. "Nikanyamaza. Mgonjwa, nitamsema nini? Halafu siku zile za homa, anaanza kuweweseka. Metok. Metok. Nani atampelekea Metok chumvi? Chumvi, shemeji. Mimi nyumbani miaka thelathini naambiwa mchuzi umezidi chumvi, huku mwenzangu anapelekewa chumvi milimani."

Metok maana yake ni ua, na ni jina la kike. Hishey alimwonea huruma Norkila, lakini chini ya huruma ile aliona kitu kingine kinamchoma: Samdup hakumwambia. Barua za mapenzi za nusu ya wilaya zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hakuwahi kumtaja mtu. Kama kuna mwanamume aliyeweza kuaminiwa kutunza siri, alikuwa yeye.

"Sasa mwezi uliopita," Norkila akaendelea, "muuza samli mmoja ananiambia, mama, pole na mzee, nilikuwa namwona sana Ziwa Yumden. Basi nikajua."

"Na ukimpata huyo Metok?"

"Nitampa vidonge vyake. Nimeviandaa miaka minne. Hebu mshike huyo mbuzi asimame vizuri."

Hishey akamshika mbuzi. Norkila akasimama mbele yake, akarekebisha kitambaa kichwani, akamnyooshea kidole usoni.

"Wewe mwanamke," akamwambia mbuzi. "Huna hata haya ya kunitazama. Mume wa mtu anakohoa damu, wewe unamtembeza milimani kwenye baridi. Ulimwona ana nini? Meno alikuwa nayo kumi na manne. Unafikiri alikupenda? Alikuja kwa sababu kwako hakuna wa kumwambia avue viatu mlangoni. Na kunuka unanuka, kama hujaambiwa, mimi nakwambia."

Mbuzi alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuna, bila kupepesa.

"Ikoje?" Norkila akamwuliza Hishey.

"Pale pa meno papunguze kidogo," Hishey akasema. "Yalikuwa kumi na sita."

Gangtse iko juu ya mgongo wa kilima, na walifika alasiri wakati watawa wakijiandaa kwa sala kubwa. Mkuu wao, Lama Tenkyong, alikuwa mzee sana na sikio moja lilikuwa limekufa kabisa. Alipoelezwa habari ya mbuzi kwa mara ya tatu akatabasamu akasema wanamkaribisha. Hawakuwa na mbuzi hata mmoja, na uwanja ulikuwa mkubwa. Hishey akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akamfunga mbuzi mwenyewe kwenye nguzo ya uwanja, fundo la posta, lile la kufungia vifurushi. Akamkuna mbuzi kati ya pembe, akamwambia awe na adabu, akaingia ndani kukaa na wageni wengine.

Baragumu zikalia, ngoma zikaanza, watawa thelathini wakaingia katika sala ambayo, ikishaanza, haikatizwi mpaka ikamilike. Mbele yao madhabahuni palikuwa na sadaka za unga wa shayiri na siagi, zimefinyangwa kama minara na maua, zimepakwa rangi. Kazi ya siku tatu.

Mbuzi aliingia katikati ya ubeti wa pili. Kipande cha kamba kilikuwa kinaning'inia shingoni, kimetafunwa nadhifu. Alipita katikati ya mistari miwili ya watawa taratibu, kama mgeni rasmi, akafika madhabahuni, akaanza na mnara wa kushoto.

Hakuna aliyenyamaza. Wasingeweza. Sauti thelathini ziliendelea kuimba huku macho sitini yakimfuata mbuzi. Mpiga matoazi alijaribu kumfukuza kwa mguu bila kuinuka, akapoteza mapigo, na mpiga ngoma akapotea naye. Hishey alitambaa kwa magoti pembeni mwa ukuta, akimwita mbuzi kwa kunong'ona majina ambayo hayafai mahali pale. Norkila alikuwa amejiziba uso kwa kitambaa na mabega yake yanatikisika. Lama Tenkyong peke yake hakujua lolote. Alikuwa amefumba macho na sikio lake zima lilikuwa upande wa ngoma. Mbuzi alimaliza minara miwili na ua moja kubwa, akageuka, akaona siagi iliyoganda kwenye mkono wa joho la lama, akaanza kuilamba.

Mzee akafumbua macho. Akatazamana na mbuzi. Akaendelea kuimba, lakini mkono wake ukapanda polepole ukamshika mbuzi sikio, ukayapanguza manyoya, na hapo ukatulia. Sala ilipomalizika akamwita Hishey.

"Huyu ameshakombolewa," akasema.

"Ndiyo, Lama. Nimemkomboa mimi."

"Kabla yako." Akamwonyesha. Chini ya tundu jipya alilolitoboa Hishey, chini ya manyoya, palikuwa na kovu la tundu la zamani, na ukingoni mwa sikio mikato mitatu midogo. "Hii ni alama ya watawa wa Ziwa Yumden. Wanawakata hivi wanyama wao ili wasiibiwe. Huyu alipotea, uzi ukaoza, mtu akamwokota akamfikisha kwa mchinjaji."

Hishey akakaa chini. "Kwa hiyo mimi nimemkomboa nani?"

"Aliyekwisha kukombolewa."

"Na thawabu yangu, Lama?"

Mzee alikuwa ameambiwa kazi ya Hishey na alitaka kumjibu kwa namna itakayomfaa. "Ni kama umempelekea mtu barua," akasema, "aliyokwisha kuisoma."

Watawa wa Gangtse walikuwa wakarimu sana. Asubuhi waliwabebea mizigo hadi langoni, wakawasindikiza hadi kona, wakabaki pale wakiwatazama mpaka walipotokomea, kuhakikisha.

Siku ya tatu Hishey hakusema neno mpaka jua lilipopanda. Norkila alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Umeuziwa mtumba," akasema. "Mbuzi wa mtumba, shemeji, na umevaa kama mpya."

"Niache."

"Ungenunua kuku ungepewa wa kwanza kabisa, hajawahi kuokolewa na mtu."

"Nimesema niache. Namrudisha kwa wenyewe, biashara imekwisha. Na wewe tafuta mwanamke wako, tushuke nyumbani."

Ziwa Yumden limekaa kwenye bakuli la msitu, kimya, rangi ya chupa. Watu husema jani likidondoka majini, ndege hushuka kuliondoa, na kweli hapakuwa na jani. Hakuna anayetia mguu mle. Mahujaji huvua viatu, hutembea juu ya gati ya mbao chini ya bendera za sala, huwasha taa za siagi, huomba wanachoomba. Norkila hakuvua viatu. Alisimama penye kibanda cha chai akamkagua kila mwanamke aliyepita, kuanzia nywele hadi kandambili.

"Dada," akamwuliza muuza chai, "hapa kuna mwanamke anaitwa Metok?"

"Wapo wawili. Mmoja ana miaka tisini. Mwingine ni mjukuu wangu, ndio kwanza anaota meno."

Norkila alimfikiria yule wa miaka tisini kwa muda kabla ya kumwacha. Sauti yake, alipomgeukia Hishey, ilikuwa imepungua. "Labda amehama. Labda alikuja mazishini, sisi tukampa chai."

"Tumfikishe mbuzi kwanza," Hishey akasema. "Watawa wanajua watu wote wa huku."

Makazi ya watawa wa kike yalikuwa juu ya ziwa, nyumba nne za mawe na bustani ya figili. Mtawa mmoja mrefu, kichwa kimenyolewa, mikono ina udongo, alikuwa analima kwa jembe. Aliitwa Ani Zangmu. Aliinua uso, akawaona wageni, akamwona mbuzi, akaliachia jembe.

"Metok," akaita.

Na mbuzi, ambaye kwa siku kumi na mbili hakuwahi kuitika jina lolote, wala tusi, aliinua kichwa akaondoka mbio, akampitisha Hishey kwenye matuta matatu ya figili kabla Hishey hajakumbuka kwamba angeweza kuiachia kamba.

Alipojizoa kutoka chini, Norkila alikuwa bado amesimama langoni. Hakusogea.

"Umemwitaje?" akauliza.

"Metok. Ndilo jina lake," Ani Zangmu akasema, akimpapasa mbuzi mgongo. "Alipoletwa alikuwa kitoto, siku ya kwanza tu akala maua yote ya madhabahuni. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema basi aitwe Ua. Tulimwambia ni dume, akasema dume halina haki ya kuitwa vizuri?"

"Mzee gani?"

"Mzee mmoja wa chini huko, mwenye kifua. Samdup. Daktari alipomwambia hali yake, akaja hapa na mbuzi mdogo ndani ya koti. Akaniomba nisimwambie mtu. Akasema maisha yake yote amewacheka malama, sasa ameshikwa na woga kama watu wote, anaona aibu. Kila mwezi mpevu alikuwa anamletea chumvi. Anakaa pale kwenye jiwe, mbuzi amelala mapajani, anamhadithia habari za mjini."

"Mkewe hakuwa na mkewe wa kumhadithia?" Norkila akasema, na maneno yakamtoka ovyo, hayakupangika.

"Alisema mkewe akijua atacheka."

Norkila akakaa juu ya ukuta wa bustani. Kisha akaanza kucheka, cheko la stendi, lile linalosikika hadi ng'ambo ya barabara, akajishika mbavu, akafuta macho. "Ningecheka," akasema. "Haki ya nani ningecheka sana. Miaka minne, shemeji. Miaka minne namchukia mwanamke mwenye ndevu." Akacheka tena, na katikati ya kicheko hicho kitu kikageuka, na ikawa si kicheko tena, na mabega yalikuwa yanatikisika vilevile lakini hakuna aliyetaka kumtazama.

Hishey alitaka kufanya jambo la maana. Akapekua mifuko yake yote, akapata kipande cha jibini kavu, akampa. Norkila akakipokea, akakitia mdomoni, akalia huku anatafuna.

Ani Zangmu aliwapa chai, akawaeleza yaliyobaki. Samdup alipoacha kuja, mbuzi alikuwa anashuka njiani kila mwezi mpevu na kusimama kwenye kona. Msimu wa mvua mwaka huu alishuka hakurudi. "Labda alikuwa anamtafuta," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Au aliona shamba la mtu."

Hapo ndipo ukazuka ugomvi ambao hakuna aliyeutarajia. Norkila alisema mbuzi ni wa mumewe, kwa hiyo ni wake, atashuka naye nyumbani leo hii. Hishey akasema samahani, uzi ulioko sikioni ni wake. Na kama thawabu imekwenda kwa Samdup basi angalau mbuzi abaki kwake.

"Juzi ulikuwa unataka kumtupa," Norkila akasema.

"Juzi nilikuwa simjui."

"Si wa yeyote," Ani Zangmu akasema. "Ndiyo maana ya kumkomboa. Mfungueni kamba, aende anakotaka."

Wakamfungua. Wakasimama pande mbili, mzee na mjane, kila mmoja akijaribu kuonekana kama mahali pazuri pa kwenda. Mbuzi aliwatazama kwa zamu. Kisha akageuka akaenda kwenye figili.

Norkila akafungua ule mfuko wa chumvi uliobaki kiunoni, akamimina yote kwenye kiganja, akamfuata kule kule kwenye matuta. Akachuchumaa. Mbuzi akaacha figili akalamba kiganja, polepole, mpaka kikang'aa. "Una ulimi mbaya kama wangu," akamwambia. Hakuzungumza tena habari ya kushuka naye.

Jioni haijafika wakarudi ziwani. Safari hii Norkila alivua viatu. Alitembea hadi mwisho wa gati, akawasha taa moja, akasimama akiyatazama maji, na Hishey aliyebaki nyuma akasikia anaanza kusema. Haikuwa sala. Alikuwa anampa Samdup vidonge vyake, vyote vile vya miaka minne, vikiwa vimebadilishiwa anwani: kwamba alikuwa mwoga, kwamba alikuwa mjinga, kwamba aliona afadhali kumwambia mbuzi, kwamba nani alimwambia kicheko ni kitu kibaya, si kwa kicheko walioana. Alisema robo saa nzima bila kurudia neno. Mahujaji wengine waliona midomo inavyokwenda wakadhani ni mtu wa ibada kubwa, wakasogea kumpisha. Bibi mmoja alikuja akaunganisha viganja nyuma yake, apate baraka kidogo.

"Umemaliza?" Hishey akamwuliza aliporudi.

"Ya leo nimemaliza."

Walishuka kwa gari lililokuwa limeleta magunia ya mchele, wamekaa nyuma, magoti yamegusana na makopo ya mafuta ya taa, na Norkila alilala njia nzima mdomo wazi.

Mwezi mpevu uliofuata, alfajiri, Norkila alikuwa langoni tena na kilo mbili za chumvi. Hishey alikuwa ameshavaa viatu. Alimweleza mkewe kwamba ni jambo la dini, na kwamba njia ni mbaya kwa mjane kutembea peke yake, na kwamba atarudi baada ya siku chache tu. Yangkit alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango wa jiko, akachukua fimbo.

"Nami nakuja," akasema. "Mume wangu hawezi kuwa anapanda Yumden kila mwezi mpevu, anarudi ananuka, nikakaa tu hapa naambiwa ni mbuzi."